Nishikie Zamu

Mke wa kaka yangu ni muuguzi, na mtaa mzima unamwita Sista, mumewe akiwemo. Usingizi kwake ni kitu cha kuibaiba. Anaingia wodini jioni, anatoka asubuhi macho mekundu, na akifika nyumbani anakuta nguo za kufua zinamsubiri na binti wa miaka sita anayetaka hadithi. Binti huyo jina lake la nyumbani ni Chiriku, na ukimsikia akianza kuongea hutauliza kwa nini. Kila jioni Sista akivaa viatu vyake vyeupe, Chiriku huangua kilio mlangoni na kung'ang'ania mkoba mpaka baba yake amtoe kwa nguvu. Ndiyo maana Sista alipopata likizo fupi aliapa kwamba safari hii siku zote ni za mtoto, jua liwake, mvua inyeshe.

Kaka yangu ni fundi magari. Yeye ndiye aliyetafuta mahali, akaazima hema kwa mteja wake, wakaenda kupiga kambi kwenye hifadhi moja ya kumbukumbu yenye ziwa dogo na magofu ya hospitali ya kale, ambako zamani wagonjwa wa ndui walitengwa wasije wakaambukiza wengine. Askari wa hifadhi aliwatembeza. Aliwaonyesha wodi isiyo na paa, majani yameota palipokuwa na vitanda. Akaeleza kwamba wakubwa walipoamuru wafanyakazi waondoke, muuguzi mmoja alibaki na wagonjwa, kwa sababu mwenzake aliyetakiwa kumpokea zamu hakutokea.

"Hajatokea mpaka leo," askari akasema, akacheka peke yake.

Kaka yangu akamtania mkewe, eti huyo ni yeye mtupu. Sista hakucheka. Alimwonea yule mwanamke huruma ya ndugu kabisa, maana kazi ile aijuaye ni aliyeifanya.

Mchana walikula mkate na mayai, kisha Chiriku akadai mama ampeleke ziwani kuokota mawe. Sista akamwomba amwache ajinyooshe kidogo tu, halafu atakuja. Mchana ndio usiku wake, mwili umeshazoea hivyo. Akaingia hemani, akajitupa juu ya godoro. Nje alimsikia mtoto akimsumbua baba yake: mama anakuja? Anakuja. Sasa hivi? Sasa hivi. Roho ilimsuta. Siku zenyewe ni za mtoto, naye amelala! Alitaka kuinuka, lakini miguu ilikuwa mizito kama magunia yaliyolowa.

Hapo mtu akainama kwenye mlango wa hema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, aproni ndefu ya kijivu, mikono imechubuka kwa sabuni. Sista hakuogopa. Aliyewahi kuamshwa kwenye chumba cha wauguzi katikati ya zamu anajua ilivyo: unaiona sare, mtu humuoni. Macho yalifunguka nusu, akili ikabaki wodini.

"Umechoka, dada," yule mwanamke alinong'ona.

"Nimechoka."

"Nikushikie zamu?"

Sasa, wauguzi wana mambo yao. Mwenzako akijitolea kukushikia zamu, humhoji, asije akaghairi. Unashukuru, unaahidi kumlipa, unageukia ukutani. Sista amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi na hajawahi kujuta. Kinywa kikajibu chenyewe.

"Nishikie. Na mimi nitakushikia yako."

Yule mwanamke alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akaondoka. Sista akalala fofofo.

Alipoamka jua lilikuwa limeshavuka miti. Alitoka akijua atamkuta mtoto amenuna, na msamaha ameshauandaa. Lakini Chiriku alikuwa ametulia tuli karibu na jiko, ameogeshwa, nywele zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka. Sista hajui kusuka. Siku zote mtoto hupelekwa kwa jirani.

Akamuuliza mumewe nani kamsuka mtoto. Kaka yangu akadhani ni mzaha. Si wewe mwenyewe, akasema. Umetoka hemani, umemshika mkono mkaenda ziwani, mmekaa pale kwenye jiwe wakati wote. Alimwita mara mbili hakuitika, akajua ni uchovu.

"Uso wangu umeuona?" Sista aliuliza.

Kaka yangu akafikiri. Mgongo, akasema. Aliona mgongo.

Sista alipiga magoti mbele ya mtoto, akamuuliza polepole alikuwa na nani. Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza. Alichezea mawe yake. Mwishowe akanong'ona, "Mama wa zamu."

Ndipo kikohozi kikasikika kule magofuni. Kikafuata kingine. Kisha chuma kikagongwa. Taratibu. Ndivyo mgonjwa anavyogonga kitanda akitaka maji. Kaka yangu hakusikia kitu. Sista alisikia, na miguu ikaanza kwenda yenyewe. Hatua moja. Nyingine. Zamu ni zamu, na yeye alikuwa ameahidi. Aliukamata mkono wa mwanawe kwa nguvu, akamwambia mumewe waondoke, waondoke sasa. Kaka yangu aliutazama uso wake, akaacha kubisha. Hema la watu walilisukumiza garini bila hata kulikunja. Njia nzima kile chuma kiligongwa masikioni mwa Sista, na kadiri walivyokwenda mbali ndivyo kilivyogongwa kwa haraka.

Walifika nyumbani salama. Ningependa kuishia hapo.

Likizo ilipokwisha, Sista alivaa viatu vyake vyeupe, akajikaza kwa kile kilio cha mlangoni. Chiriku hakulia. Alimpungia mkono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kaka yangu alifurahi, akasema mtoto amekua. Sista alikwenda kazini moyo unamuuma, akajiambia ndivyo watoto walivyo, siku haziwasubiri wazazi.

Asubuhi alirudi, mumewe bado anakoroma. Chumba cha mtoto kilinuka sabuni kali, isiyo ya nyumba ile. Chiriku alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka. Shuka lenyewe lilikuwa limekazwa chini ya godoro pande zote, kona zimekunjwa kihospitali, mkunjo wa kizamani ambao Sista aliwahi kuuona mara moja tu, kwa mwalimu wake mzee. Mumewe hajatandika kitanda tangu azaliwe. Ubavuni palikuwa na kiti. Sista akakigusa. Kilikuwa na joto.

Mtoto akafumbua macho, akamtazama kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Bado hujaenda?" akanong'ona. "Mama amesema wagonjwa wako wanakungoja."

Mama. Sista alitaka kumwambia mama ni mimi, mama yako ni mimi hapa. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa. Akapiga magoti, akalishika shuka alilegeze, amtoe mwanawe, amkumbatie. Akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili, likalegea kidogo.

Upande wa pili, ambako kitanda kimegusana na ukuta na hata paka hapiti, shuka likavutwa taratibu, likakazwa, likanyooshwa.