Kizuri Hakikujiuza Isaka

Saa saba mchana, mgahawa wa Mama Juliana pale Isaka ulikuwa umefurika madereva wa malori waliosubiri mizigo yao ya Kigali na Bujumbura ipakiwe. Febronia alisimama mlangoni na gauni lake la kitenge cha njano na bluu, pochi kwapani, akitafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye meza ya pembeni, mbele ya kijana mrefu aliyevaa fulana iliyopauka. Ugali wake na sato vilikuwa vimepoa. Mezani palikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na betri, na kila baada ya dakika moja kijana yule aliuchomoa waya wake ukutani.

Kompyuta ikazimika. Akaichomeka, akaiwasha, akakitazama kioo, akaandika kitu daftarini. Kisha akachomoa tena.

"Samahani kaka," Febronia alisema akivuta kiti. "Hiyo kompyuta imekukosea nini?"

"Haijanikosea." Hakuinua macho. "Naikata pumzi ikiwa katikati ya kuandika, nione kama itasahau."

"Umeikata mara ngapi?"

"Tangu asubuhi, arobaini na moja."

"Na imesahau?"

Hapo ndipo alipomtazama. "Bado," alisema, akatabasamu, na Febronia akajikuta hakumbuki alitaka kuagiza nini.

Aliitwa Ngassa, Msukuma wa Samuye, ila kwa sasa aliishi Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kwenye chumba kimoja alichokigeuza ofisi. Kwa miaka mitano alikuwa akijenga kanzidata: ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, ambamo watu mia wangeweza kuandika kwa wakati mmoja pasiwepo hata mmoja anayefuta maandishi ya mwenzake. Alilieleza kwa maneno magumu, lakini macho yalimwaka. Febronia aliyaelewa maneno yale, kwa sababu naye alikuwa wa biashara hiyohiyo. Alikuwa akiuzia maofisi mfumo uitwao Tausi, kwa niaba ya kampuni iliyokuwa na tawi Geita. Hakumficha.

"Tausi ile yenye rangi nyingi?" Ngassa aliuliza.

"Hiyohiyo. Na wako unaitwaje?"

"NB-7."

"NB-7," Febronia alirudia polepole. "Kama namba ya kitanda cha wodini."

Ngassa alicheka mpaka madereva wa meza ya pili wakageuka. Walipoinuka, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Simu zikaanza. Kila ilipofika saa kumi na moja jioni, Ngassa alipiga kutoka Kambarage, na Febronia aliipokea popote alipokuwa.

"Mama Maneno, umemuuzia nani leo?"

"Nimewauzia watu wa shule moja Bukombe. Na wewe fundi, umemuuzia nani?"

"Mimi siuzi. Mimi najenga."

"Nyumba isiyo na mlango, mpenzi wangu, hata ikijengwa kwa mawe, nani ataingia?"

Jumamosi nyingine Febronia alipanda basi hadi Shinyanga. Wakala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kibaraza cha chumba kile, yeye amevaa dera la zambarau, Ngassa akimwonyesha kitu kipya alichokiongeza. Febronia alimpenda kwa hilo. Aliwahi kuona wanaume wanaojisifia vitu visivyokuwepo; huyu alikuwa na kitu cha kweli na hakukisifia kwa mtu yeyote. Ila palikuwa na jambo lililomkera.

"Jana nimekupigia mara tano, simu umezima."

"Nikifanya kazi nazima. Ikilia napoteza uzi."

"Na mteja akikwama?"

"Hatakwama."

Febronia alimtazama, akamega kipande cha mchembe.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Ndipo Herman, bosi wake aliyekuwa Mwanza, alipompigia Jumatano moja. Umoja wa wenye malori wa Isaka ulitafuta mfumo wa kutunza kumbukumbu za makontena, kesho yake asubuhi kamati ingewasikiliza wauzaji, na mwenzao aliyepangiwa safari hiyo alikuwa ameugua. Febronia alijua kwamba Ngassa angekuwepo, kwani alikuwa ameshamtajia kikao hicho. Alimpigia papo hapo. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena njiani, akapiga tena alipofika. Ngassa alikuwa Samuye kwa mama yake, akijiandaa.

Walionana ndani ya ukumbi wa kamati, Febronia akiwa na suti ya bluu na vipeperushi mkononi. Ngassa alimwona, na uso wake ukakunjamana.

Yeye ndiye aliyeanza. Aliipa kamati mgongo, akafungua kioo cheusi chenye herufi nyeupe, akaeleza kwa nusu saa jinsi mashine inavyopanga maandishi yake. Kila alilosema lilikuwa kweli. Mzee mmoja wa nyuma alisinzia. Mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Asteria aliyekuwa na malori sita, aliuliza swali moja tu: "Tukikwama, tumpigie nani?"

"Hamtakwama," Ngassa alisema.

Febronia akafuata. Aliwaonyesha kontena likiingia, likipakiwa, likitoka, kila hatua na rangi yake. Aliwaita watu kwa majina. "Na kwetu simu inapokelewa," alisema, "Jumapili hadi Jumapili." Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akawaambia pia kwamba umeme ukikatika ghafla, Tausi hupoteza ukurasa wa mwisho, kwa hiyo makarani wazoee kuhifadhi kila mara. Waliitikia kwa vichwa na kuichagua Tausi.

"Huenda cha yule kijana ndicho bora, mwanangu," Mama Asteria alimwambia wakiagana. "Lakini siwezi kununua kitu ambacho nikirudi kwa wenzangu nitashindwa kukieleza."

Ngassa alikuwa akimsubiri nje, kati ya makontena.

"Ulikuwa unanipenda au ulikuwa unanipeleleza?"

"Ngassa, nilikupigia jana nzima."

"Simu inapokelewa, Jumapili hadi Jumapili. Hilo ulilitoa wapi, kama si kibarazani kwangu?"

"Liko kwenye kipeperushi chetu tangu kabla sijakujua." Alimpa kimoja. Hakukipokea.

"Mfumo wenu unapoteza kumbukumbu."

"Najua. Na wao wanajua, nimewaambia."

"Kizuri chajiuza, Febronia. Kibaya ndicho chajitembeza."

"Kizuri chajiuza kikiwa sokoni. Chako umekifungia Kambarage, ukazima na simu."

"Wewe unauza rangi tu."

Neno lile lilimwingia. Febronia alikuwa ameanza kazi kwa kugonga milango ya kwao Ushirombo mmoja mmoja, jua likimchoma, akijifunza namna ya kumweleza mwalimu tofauti na anavyomweleza mwenye duka la dawa. Kazi yake aliiheshimu kama Ngassa alivyoiheshimu ya kwake.

"Ninauza kueleweka," alisema. "Nimejieleza kwako mara moja. Sitarudia." Akaenda zake kichwa juu, na hakulia mpaka basi lilipopita Kahama.

Miezi ikakatika. Kule Isaka, Tausi ilifanya kazi. Makarani walipoteza ukurasa mara mojamoja, wakalaani, wakaandika upya. Hakuna aliyekumbuka kuiulizia NB-7. Febronia aliuza sana mwaka ule. Lakini kila ilipofika saa kumi na moja jioni aliitazama simu yake, akaikasirikia, akairudisha pochini.

Siku moja, mteja wake mmoja wa Rwamgasa akamwambia kwamba kuna kijana mrefu ameonekana machimboni wiki kadhaa. Anakaa kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa, na wachimbaji. "Haongei sana," alisema. "Anauliza tu mnagombania nini, anaandika."

Mwezi uliofuata Herman akampigia. Chama cha wachimbaji wadogo cha Geita kilitaka mfumo wa kuandikisha maduara, yale mashimo yao, na viroba vya mawe vinavyotoka humo. Ugomvi wa kiroba hiki ni cha nani ulikuwa umeshawafikisha watu hospitali.

Febronia alikata simu ya Herman, akapiga namba aliyokuwa hajaigusa kwa miezi saba. Iliita mara mbili tu.

"Ngassa, ni mimi. Nimepewa kazi ya Geita sasa hivi, nakwambia sasa hivi. Nitakuwepo."

"Nimesikia."

"Na sitakuachia."

"Usiniachie," alisema.

Asubuhi ile Febronia alivaa kitenge kipya cha kijani kilichoshonwa na fundi bora wa Geita, akafunga kilemba cha rangi hiyohiyo. Alizungumza kuliko alivyowahi kuzungumza. Wachimbaji walicheka alipotaka wacheke, wakanyamaza alipotaka wanyamaze, na alipokaa, alijua hajabakiza kitu.

Kisha Ngassa akasimama. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Aliitazama kamati usoni, akaisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ukumbi ukaitika. Pembeni yake alikuwa dada mmoja. "Huyu ni Bhoke. Ana meza yake hapahapa Geita, karibu na soko. Mkikwama, yeye ndiye wa kupigiwa. Na mtakwama, maana kila mtu hukwama kwenye kitu kipya."

Febronia aliweka vipeperushi vyake chini, akasikiliza.

Ngassa hakufungua kioo cheusi. Aliwaita mbele wachimbaji wawili, Magesa na mama mmoja aitwaye Mbuke, akampa kila mmoja simu. "Hapa pana kiroba kimoja, namba ishirini na tatu. Kila mmoja aandike kwamba ni chake. Andikeni kwa pamoja."

Wakaandika. Simu ya Magesa ikasema sawa. Ya Mama Mbuke ikaandika, kwa herufi kubwa za Kiswahili, maneno aliyoyasoma kwa sauti: "Kiroba hiki kimeshaandikishwa na Magesa, saa nne na dakika tatu. Kama una ubishi, mwone katibu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama Mbuke mwenyewe alicheka huku akimnyooshea Magesa kidole.

Mwenyekiti akamgeukia Febronia. "Dada, na Tausi ingefanyaje hapo?"

Alikuwa na majibu matatu mazuri ya kukwepa. Aliyajua yote.

"Tausi ingewaandika wote wawili," alisema.

Uamuzi haukuchukua muda. Walipotangaza jina la Ngassa, Febronia alijishangaa: alikuwa ameshindwa mbele ya watu, na shingo yake imenyooka, na moyo umemjaa kama mama aliyesikia jina la mwanawe likisomwa la kwanza shuleni. Alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Herman alipiga Febronia akiwa bado uani. "Ungeweza kusema itarekebishwa."

"Ningeweza," Febronia alisema. "Sasa irekebisheni kweli, nikaiuze."

Ngassa alimkuta pale kivulini pa ukuta. Alisimama hatua mbili mbali naye.

"Uliniachia?"

"Waulize waliokuwemo. Sijawahi kuzungumza vizuri namna ile."

"Niliona. Niliogopa. Nilipata kipeperushi chenu cha zamani kwa karani mmoja wa Isaka. Maneno ya simu yamo, na mwaka umeandikwa chini. Nilipaswa kukipokea siku ile ulipokuwa unanipa. Nisamehe."

"Umekaa nacho tangu lini?"

"Miezi mitano. Niliona haya. Nikasema kwanza nijifunze ile kazi niliyoitukana."

Febronia aliutazama uso ule, akayazuia machozi yake kwa makusudi. "Kama unataka nije nikuuzie mfumo wako, jibu ni hapana. Nina kazi yangu na ninaipenda."

"Sikuletei kazi. Bhoke anatosha." Ngassa akavuta pumzi. "Nataka nije Ushirombo na wazee wangu, nionane na baba yako."

"Baba yangu ni mkulima. Swali lake la kwanza litakuwa unafanya kazi gani, na ukimjibu kwa maneno yako ya mashine atakuaga kwa heshima."

"Nitamweleza."

"Nieleze mimi kwanza." Febronia aliketi juu ya msingi wa ukuta, akakunja mikono, akakaza uso wa kizee. "Mimi ndiye baba. Umefika nyumbani kwangu sasa hivi."

Ngassa alitazama huku na huku. Wachimbaji walikuwa wakitoka ukumbini, wengine wamesimama kuwatazama. Akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, baba. Naitwa Ngassa, natokea Samuye. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu akishaandika kilicho chake, hakuna atakayekifuta."

Uso wa kizee ulimshinda. Febronia alicheka huku machozi yakimtoka, akasogea pembeni kumpa nafasi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Karibu ukae."