Aliyekalia Kiti cha Bwana

Kiazi kilichokuwa kwenye sahani ya Bwana kilikuwa kimeng'atwa.

Borghild alikiona alipokuwa akiondoa vyombo. Asgeir, mumewe, akacheka. "Mgeni wako ana njaa kuliko mimi! Mwambie kesho aje baharini tukavue wote."

Kwetu sisi watu wa nyumba ya sala, huku kaskazini mwa Norwei, kiti kimoja mezani hakikaliwi na mtu. Ni cha Bwana. Anawekewa sahani kama wengine, na kabla ya kula mama wa nyumba humkaribisha. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba yupo nasi zizini, dukani, hata ukijifungia chooni. Wengi wetu tunalisema tu. Borghild aliliishi. Alikamua ng'ombe akizungumza na Mungu, akachemsha samaki akimwuliza kama chumvi imetosha, na wala hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na furaha kuliko wanawake wote kijijini, mpaka wengine tukachukia.

Kwa hiyo alipokiona kiazi kile hakuogopa. Alilia kwa furaha, akijua amekuja kweli.

Siku zilizofuata kiti kikaanza kulia kila walipoinamisha vichwa, kama kinavyolia mtu mzito akiketi. Jikoni pakanuka mwani uliooza na nywele zilizoungua. Borghild alisikia joto begani, na sauti ya upole ikimwita kwa jina. Na binti yao Sunniva, wa miaka saba, akaanza kukonda. Alikula akamaliza, akaramba sahani, na bado mifupa ya shingo ikazidi kutokeza.

"Tumpeleke kwa daktari," Asgeir alinong'ona. Utani ulikuwa umemwisha.

"Amenikataza."

"Nani?"

Borghild akakitupia kiti jicho. "Amesema nisiogope, yeye yupo. Baba Sunniva, imani yako iko wapi?"

"Mtoto anaisha! Humwoni?"

"Shh. Anakusikia."

Asgeir hakubishana tena. Alivaa viatu, akaenda kumwita Johanna, bibi mhubiri wa nyumba ya sala, ambaye ulimi wake ulimwogopesha hata mchungaji wa mjini. Walifika wakati wa chakula cha mchana, Borghild na Sunniva wakiwa mezani. Jua la kiangazi lilikuwa limejaa jikoni, hapakuwa na kona yenye giza. Bibi alinusa, akabaki amesimama kizingitini.

"Binti yangu, huyu unamkaribishaje?"

"Kama kawaida, bibi. Nafungua mlango, nasema karibu, uketi."

"Karibu nani?"

"Tumezoeana mno. Siku hizi simtaji jina."

"Ala! Mlango wazi, na jina hutaji. Umemwalika kila apitaye." Johanna alishusha sauti. "Na ukiwa zizini, unamsikia?"

Tangu siku ya kile kiazi Borghild hakuwa amemsikia popote ila pale mezani, naye hakuwa hata amegundua.

Johanna akakigeukia kiti. "Wewe uliyeketi hapo, kiri kwamba Yesu Kristo ni Bwana."

Ile harufu ikapanda mpaka macho yakawachonyota, na supu sahanini ikaanza kutikisika bila mtu kuigusa meza, na kiti kikalia taratibu, kwa raha, kama cha mtu anayejinyoosha baada ya kushiba, na Borghild akaisikia ile sauti ya upole aliyoipenda, ila sasa haikuwa begani mwake, ilikuwa inatoka kinywani mwa mwanawe, nayo ilikuwa inacheka.

"Alinipa mwenyewe," sauti ilisema. "Kila mchana aliniambia nyumba hii na vyote vilivyomo ni vyangu."

"Sikusema na wewe!" Borghild alipiga kelele. "Sikusema na wewe!"

"Lakini nilikujibu mimi."

Johanna akamwekea mtoto mkono kichwani, akamwamuru mgeni yule atoke kwa jina ambalo Borghild aliacha kulitaja. Kiti kikaanguka kifudifudi. Mlango ukajibamiza. Sunniva akakohoa, akaomba maziwa, akanywa mpaka akapata pumzi. Asgeir akakibeba kiti ufukweni, akakichoma moto huku akilia kama mtoto.

Borghild hakulia. "Bibi, lile lilipokuwa linakaa hapa likimla mwanangu, Mungu alikuwa wapi?"

"Hapa hapa, binti yangu. Hajaondoka hata mara moja."

"Anatazama?"

Yule bibi wa ulimi mkali akageuka, akaenda kuufungua mlango uliojibamiza.

"Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa hayupo, ningemsamehe."

Kesho yake aliufunga mlango kwa komeo, akapakua samaki bila kuinamisha kichwa. Asgeir alikula akitazama sahani yake. Sunniva, ambaye mashavu yake yalikuwa yameanza kupata rangi, alishika kijiko akingoja.

"Mama, hatumkaribishi?"

"Leo hatumkaribishi mtu. Kula."

Mtoto akageuza uso pembeni, akasikiliza kidogo, akatabasamu. Kisha akaivuta sahani yake na kusogea kwenye benchi, ili mtu apate pa kukaa.

Borghild alitaka kumwuliza ni yupi kati ya wale wawili. Hakuthubutu.