Chumvi ya Lagashi

Mji wa Lagashi ulijengeka kwa dakika nne, juu ya meza, kati ya kikombe cha chai na sahani ya mihogo ya kukaanga. Kwanza mto ulijichora kwenye kioo ukatafuta njia. Kisha vijitu vya nuru, kila kimoja urefu wa punje ya mchele, vilitoka na majembe, vikachimba mifereji, vikafyatua matofali, vikapandisha mnara wa ngazi ambao kilele chake kilimfikia Shabiri Mbonde kidevuni. Kijitu kimoja kilijikwaa ngazi ya tatu, kikawatukana wenzake kwa Kisumeri.

Hiyo ndiyo meza-hai. Karibu kila nyumba ya Jiji la Mtapia, katika bonde la Rufiji, ilikuwa nayo; wasiokuwa nayo walikwenda kwa jirani wakijifanya wamepita kusalimia. Mchezo uliotamba ulikuwa Falme Kumi: unapewa watu, unapewa ardhi, unatawala mpaka uangushwe. Wenye mchezo waliweka falme kumi tu. Nyingine zilitengenezwa na wapandikizi, vijana waliochomeka ustaarabu mpya ndani ya mchezo kama mkulima anavyopandikiza chungwa kwenye mlimau. Shabiri, mwenye miaka ishirini na mitatu na makalio yasiyokubaliana na kiti chochote, alikuwa mmoja wao. Pandikizo lake liliitwa Mito Miwili: miji ya kale ya Sumeri, yaani Uruku, Uri, Uma, Lagashi, na wafalme wenye ndevu zilizosukwa kuliko nywele za bibi harusi.

Lilikuwa linaongoza mashindano ya mwaka. Wachezaji milioni tatu. Kura zilikuwa zifungwe Ijumaa, na pandikizo la kwanza lingeingizwa rasmi kuwa ufalme wa kumi na moja. Siku hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi, na Shabiri alikuwa ameshainuka mara tisa.

"Kaa chini," alisema Nuruana, mwenzake aliyeshughulikia sauti za vijitu. "Najihisi niko na kuku anayetafuta pa kutagia."

"Kuku ana uhakika atataga. Mimi sina."

Mlango ukagongwa, akaingia shangazi yake Shabiri, Bi Mwanahija, mkulima wa mpunga wa huko bondeni, ameshika kopo la samli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hizi mashine zako hazipiki?" Akaliweka kopo katikati ya Lagashi. Vijitu vilikimbia, kisha vikarudi na kulisujudia. Ndani hamkuwa na samli, mlikuwa na udongo. "Onja."

"Udongo?"

"Ulipokuwa na miaka mitatu ulikula nusu ya uwanja wangu bila kubembelezwa. Onja."

Akaonja. Ulikuwa na chumvi.

"Msimu wa tatu huu," alisema Bi Mwanahija. "Mpunga unaungua ncha, unakufa umesimama. Nimekwenda Bodi ya Mifereji, wanasema mtambo wao, Akilimaji, umesema shamba langu lina afya. Nikamwambia yule kijana, basi mwambie Akilimaji aje alile."

Nuruana alicheka. Shabiri hakucheka. Alikuwa ameumimina udongo kiganjani na kuona ukoko mweupe wa juu, na weupe ule aliufahamu vizuri. Aliuchanganya mwenyewe, wiki nzima, alipokuwa anatengeneza Mito Miwili ya kwanza kabisa.

Katika toleo lile, ardhi ilikuwa na kumbukumbu. Ukiimwagilia mwaka hadi mwaka bila kuipumzisha, maji yanaipandisha chumvi iliyolala chini. Ngano inakufa kwanza, shayiri inafuata, mwisho unabaki na uwanja mweupe na mfalme mwenye njaa. Dawa ni kuliacha shamba lipumzike mwaka mmoja. Shabiri aliyasoma hayo, akayaweka, akajiona msomi. Wachezaji wakamjia juu. Tumekuja kutawala, waliandika, hatukuja kusubiri majani yaote. Basi mchana mmoja akaifuta chumvi yote, akala chipsi, na kufikia mwisho wa mwezi wachezaji walikuwa wameongezeka mara tatu.

"Shabi," alisema Nuruana polepole. "Ile beji."

Beji ilikuwa kwenye ukurasa wa pandikizo: *Mchezo huu unaifundisha Akilimaji.* Shabiri aliionea fahari hata akaichapisha kwenye fulana, na fulana yenyewe ndiyo aliyokuwa ameivaa.

Akilimaji ndiyo iliyofungua na kufunga malango ya maji bonde zima. Kwa kuwa haikuruhusiwa kufanya majaribio kwenye mashamba ya watu, ilijifunza kwa kutazama watu wakicheza. Falme kumi za mwanzo hazikuwa na mifereji. Yenye mifereji ilikuwa Mito Miwili peke yake. Kwa hiyo mtambo ule ulikuwa umetazama mamilioni ya mavuno kwenye ardhi isiyochoka. Haukuwahi kuomba kipimo cha chumvi, maana haukujua kama kuna kitu cha kupimwa.

Shabiri aliipigia Bodi. Alipokea Bwana Likwata, mhandisi mwenye sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa majibu.

"Kuizima haiwezekani," alisema. "Malango elfu sita yatafunguliwa na nani? Ilichojifunza kwa mchezo itakisahau kwa mchezo. Rudisha chumvi, watu wacheze, iwaone wakishindwa."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Ila kila siku unayochelewa, inajifunza zaidi yale ya zamani."

Nuruana alimshika mkono. "Subiri Ijumaa. Siku mbili tu, Shabi. Ukirudisha sasa hivi watakimbia wote."

"Siku mbili kwenye mchezo wenu ni miaka mingapi?" aliuliza Bi Mwanahija.

"Kama elfu moja," alisema Shabiri.

Shangazi alifunika kopo lake. Shabiri aliinuka, akazunguka meza, akazunguka tena, kisha akairudisha chumvi.

Kufikia alasiri wachezaji laki nane walikuwa wameondoka. Mmoja aliacha ujumbe kwamba mpandikizi huyu apelekwe akatawale bustani ya mchicha. Alhamisi Mito Miwili ilikuwa ya tano. Ijumaa haikutajwa. Lakini waliobaki walikuwa wabishi. Walishindwa, wakarudia, wakaanza kupumzisha mashamba, na Akilimaji ikawatazama. Ilielewa haraka kuliko alivyotarajia yeyote. Baada ya wiki tatu, Jumamosi saa mbili asubuhi, malango mia nne ya bonde yalijifunga yenyewe. Mashamba yalikuwa yapumzike mwaka mzima.

Shabiri alimpigia shangazi yake huku anarukaruka chumbani.

"La kwako limefungwa?"

"Limefungwa."

"Basi shamba litapona, shangazi."

"Litapona," alisema Bi Mwanahija. "Hebu niambie, baba. Kwenye mchezo wako, shamba likipumzika, wenye shamba wanakula nini?"

Shabiri aliacha kuruka.

"Huwa hawaonekani," alisema.

"Hawaonekani vipi?"

"Niliwaficha. Meza isielemewe. Zamu ikiisha wanarudi."

"Wanarudi wakiwaje?"

"Vilevile walivyokuwa."

Shangazi alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na mzaha. "Mimi nitaonekana, mwanangu. Nipo hapa, na watu mia nne wapo hapa, na hiyo Akilimaji yenu inaamini tumekwenda kujificha."

Simu ilipokatika, Shabiri alifungua matumbo ya pandikizo akakitafuta kile kifungu kidogo cha kuwaficha wakulima alichokiandika siku moja, kwa haraka, ili mchezo usikwame. Akakifuta. Vijitu vilianza kutokea kwenye mashamba meupe ya Lagashi, kimoja kimoja, kisha kwa maelfu, na majembe yao mkononi na kazi hakuna. Vilisimama. Vikainua nyuso kumtazama. Hakuwa amevitengenezea ghala, wala sheria ya kugawana, wala mfalme wa kuulizwa, na hakujua aanze na kipi.

Pembeni ya kioo taa ndogo ya kijani iliwaka, kumjulisha kwamba Akilimaji imefika na inatazama.