Nitwike, Shemeji

Mwaka 1996 nilikuwa naendesha mkanda kwenye ghala la saruji pale Igogo. Mkanda wenyewe ulikuwa wa mpira, uliletwa na tajiri aliyelinunua ghala kutoka kwa ushirika. Ukibonyeza kitufe, mifuko inapanda yenyewe kutoka kwenye lori hadi juu ya rundo. Wapagazi kumi na wanane wakaachishwa kazi. Mimi nikabakizwa, na tajiri akaniambia nichague mmoja wa kunisaidia.

Nkwabi, mume wa dada yangu Ng'washi, mmoja wa wapagazi hao, alikuwa amesimama palepale, ananitazama. Alikuwa ameanza kukohoa. Nikamtaja mtu mwingine.

Nkwabi akaenda kutafuta kibarua cha uvuvi. Hakujua kuogelea. Haukupita mwezi, ziwa likamchukua. Mwili haukuonekana.

Jioni moja wingu la mvua lilikuwa limetanda, nikarudi ghalani kufunika mifuko kwa turubai. Umeme ulikuwa wa mgao siku zile, umekatika tangu mchana.

Krr... krr... krr...

Mkanda ulikuwa unatembea.

Nikapapasa swichi kuu. Imezimwa. Harufu ya maji ya ziwa ikanijaa puani, maji yaliyolala muda mrefu. Kisha kikohozi. Kikavu... mara mbili.

Mfuko mmoja ulikuwa unapanda polepole gizani. Ulipofika mwisho wa mkanda haukuanguka.

Ulining'inia hewani.

"Malimi," mtu akanong'ona. "Nitwike."

"Shemeji... nisamehe."

"Nitwike. Nimechelewa kazini."

Sikumtwika. Nilikimbia, mlango nikauacha wazi.

Asubuhi tulikuta mifuko arobaini imepangwa kwa kupishana, jinsi wapagazi walivyokuwa wakipanga kwa mikono. Ule wa juu ulikuwa umelowa na saruji yake imeganda, katikati ina bonde la shingo na bega. Tajiri alisema paa linavuja. Kweli lilikuwa linavuja, ila si upande ule.

Nikamweleza dada yangu. Hakulia.

"Alikuita kwa jina?"

"Ndiyo, dada."

"Kwangu hajaja hata siku moja."

Jioni ile ile akajifunga kitenge, akaniomba funguo za ghala. Nikabaki mlangoni. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, kama anavyoongea na mgonjwa.

"Haya, inama. Inama kidogo, mume wangu."

Nikasikia akiguna, kama anainua kitu kizito.

Alitoka peke yake, mikono imejaa vumbi la saruji. Nikamsindikiza kwa miguu hadi kwake Pasiansi. Njiani alisimama mara tatu, akageuka nyuma, akangoja kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyeelemewa na mzigo.