Soksi Moja kwenye Mawe ya Watawa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kwenda kumwita mtoto. Kila mama wa San Andrés, kijiji chetu cha wavuvi, anaifanya jioni: anasimama mlangoni, anapaza sauti, mtoto anakuja na miguu imejaa mchanga. Tofauti ni kwamba mtoto wangu alikuwa ndani, kitandani, na mimi niliambiwa nikamwite jangwani.

Msinicheke. Mngemwona Yadira siku zile msingecheka.

Ana miaka sita. Wiki mbili kabla, shule iliwapeleka kutembelea Mawe ya Watawa, kule ndani ya hifadhi, jangwa linapokatika ghafla na bahari kuanza. Ni mawe marefu, upepo umeyachonga mpaka yakawa na mabega na vichwa vilivyoinama, utadhani masista wako kanisani. Wageni wanapiga picha. Sisi tunapita kwa adabu, na tukiwa na watoto hatuondoki bila kuwaita mmoja mmoja kwa jina: fulani, twende, usibaki. Maana mtoto akishtuka mahali kama pale, mwili unaondoka, roho inabaki inashangaa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Lima, hayo hakuyajua. Yadira aliteleza, akapiga yowe, akafutwa machozi, akapakiwa kwenye basi. Hakuna aliyemwita.

Alirudi na kiatu kimoja na soksi moja, sare imelowa mkojo. Nikaifua sare usiku uleule, kwa aibu. Tangu hapo akawa hataki kula, hapati usingizi, hasemi. Zahanati walisema minyoo, wakatupa dawa ya maji. Bibi Ubaldina, anayetibu watoto waliopatwa na mshtuko, alimgusa utosi mara moja tu.

"Nelida, huyu hayupo," akasema. "Akimaliza wiki ya tatu hivi, utamzika."

Bibi akanishika mkono, akanipa masharti. Nguo ya mtoto aliyoivaa, isiyofuliwa. Niende kabla jua halijazama. Nimwite mara tatu, kwa jina. Niburuze nguo mpaka nyumbani, nisisimame, nisigeuke nyuma, kisha nimfunike nayo.

"Na nguo iwe yake mwenyewe. Unanisikia? Yake."

"Ninayo, bibi."

Nilichukua sweta jekundu. Alilala nalo kila usiku kwa misimu miwili ya baridi, na saa ileile lilikuwa mwilini mwake. Nilimvua, nikaondoka.

Aliyenipeleka ni wifi yangu Gricelda, dada wa mume wangu, mwenye bajaji na mdomo usiofungwa kufuli.

"Ukikawia huko, wifi, nakuacha uolewe na simba wa bahari."

"Angalau huyo analeta samaki nyumbani. Kaka yako ana miezi miwili kusini, hata salamu hatumi."

"Kaka yangu anapiga mbizi, hana simu chini ya maji!"

Tulicheka. Tulicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Upepo wa mchanga, ule tunaouita paraka, ulikuwa umeanza, na jangwa lote lilikuwa linatambaa chini chini kuvuka barabara.

Gricelda alisimamisha bajaji mbali kidogo, akaielekeza nyumbani, injini ikiwa inanguruma. Nikaenda peke yangu.

Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka tisa. Chini ya mawe yale, tukikusanya mwani na kome, wimbi lilimchukua binti yangu wa kwanza, Delfina. Alikuwa na miaka sita, hiyohiyo. Hatukuona hata unywele. Na jioni ile, tulipoondoka, mimi sikumwita. Ningemwitaje? Nilikuwa nabebwa na watu wawili, nauma mikono yao.

Nikasimama mbele ya mawe. Nikashika sweta kwa mikono miwili.

"Yadira! Twende nyumbani, mwanangu. Usibaki!"

Upepo tu, unapita kwenye matundu ya mawe... huuu... huuu...

"Yadira! Twende, mama nimekuja!"

Harufu ikabadilika. Mwani. Mwani wa siku nyingi, baridi, karibu kabisa na uso wangu.

Mara ya tatu kilio kilitangulia. Jina halikutoka.

"Twende, mwanangu... twende..."

Sweta likawa zito.

Zito kama ndoo inayojaa maji. Nikageukia bajaji, nikaanza kutembea, nikiliburuza. Nyuma yangu... chap. Chap. Chap. Nyayo za miguu mitupu iliyolowa. Na mchanga ule haujaona mvua ya maana tangu nizaliwe.

Nikapanda, nikaacha mkono mmoja wa sweta unaning'inia nje, unaburuzwa. Tukaondoka. Nikaona Gricelda anatazama kioo cha pembeni. Anatazama barabara. Anarudi kwenye kioo.

"Wifi..." akanong'ona.

"Endesha."

"Wifi, umeita wangapi?"

"Mmoja. Nyamaza."

"Mbona kwenye kioo ni wawili?"

Nisigeuke. Nisigeuke.

"Mmoja ameshika sweta. Yuko hapahapa nyuma yako, maji yanamtiririka. Mwingine yuko mbali, anakimbia... Wifi, amevaa sare. Mguu mmoja hauna kiatu."

"Endesha, Gricelda!"

Akakata kona, mwanga wa kijiji ukaonekana. Sauti yake ikatoka nyembamba.

"Hilo sweta... ulimfumia nani?"

Ee Bikira Maria. Nilimfumia Delfina. Siku ile alilivua, akaliacha kwenye kikapu cha kome, akakimbilia maji. Miaka ikapita, Yadira akalikuta kabatini, akalipenda, nami nikasahau kwamba liliwahi kuwa la mtu mwingine. Nilipokumbuka, bajaji bado ilikuwa jangwani. Ningeweza kusema turudi.

Sikusema.

Nilimfunika. Akalala usiku mzima, wa kwanza baada ya siku kumi na nne. Asubuhi alikunywa mchuzi wa kome bakuli mbili, huku kijiko amekishika mkono wa kushoto. Yadira ni wa kulia. Delfina ndiye niliyempigia kelele kila siku kwa mkono ule.

"Mama," akasema, akitazama chini ya meza. "Kanelo yuko wapi?"

Kanelo alikuwa mbwa wetu. Alikufa kabla Yadira hajazaliwa.

Ningepaswa kupiga kelele mtaa mzima usikie. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikakaa sakafuni, nikamkumbatia, nikanusa nywele zake, na nywele zilinuka mwani.

Bibi Ubaldina alipokuja hakuvuka kizingiti.

"Nilikuambia yake mwenyewe!"

"Nilisahau, bibi."

"Una siku tisa; zikipita, huyu hatoki tena. Tafuta nguo ya Yadira ambayo haijaona sabuni. Mpeleke huyu palepale, mvue sweta, kisha umwite Yadira kwa jina lake."

"Na huyu?"

"Atabaki alikokuwa."

"Peke yake?"

"Amekaa peke yake miaka tisa. Amezoea."

"Mimi sijazoea!" nikasema, na mlango nikaufunga mimi.

Nguo niliipata siku ya saba, nikifagia chini ya kitanda. Ile soksi moja, imekauka, mchanga bado umo ndani. Nikaitia mfukoni. Siku ya nane nikamsuka nywele, akaniimbia. Siku ya tisa Gricelda alileta bajaji mlangoni, akapiga honi.

"Wifi, toka! Mwanao anakimbia mchangani siku ya tisa leo, na wewe umekaa unasuka nywele!"

Nilisimama, kweli nilisimama. Nikamshika mtoto mkono. Akatazama nje, akaiona barabara ya hifadhi, akaishika sketi yangu.

"Mama, tunarudi kule? Maji ya kule ni baridi. Utaniacha tena?"

Mwambieni mama mwingine ajibu hilo. Mimi nilirudi nikakaa.

Gricelda alipiga honi mpaka jirani wakatoka. Mwisho akalia. "Basi usiniite wifi tena," akasema, akaondoka.

Siku tisa zikapita hivyo.

Jioni iliyofuata paraka ulivuma mapema. Nikasikia hatua uani. Ko... tss. Ko... tss. Mguu wenye kiatu, mguu usio na kiatu. Kisha mlango ukagongwa chini, chini kabisa ya kitasa, pale mkono wa mtoto wa miaka sita unapofika.

"Usifungue, mama," akasema huyu wa ndani, bila kuinua macho kwenye bakuli lake. "Ni upepo tu."

Upepo haujui kuita. Huyu wa nje anajua. Nilimfundisha mwenyewe tangu hajaanza kutembea, kila tulipoondoka mahali. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ni yake, naijua katika sauti elfu.

"Mama. Twende. Usibaki."

Hiyo ilikuwa juzi, akaita mara moja. Jana aliita tena, na tangu jana chakula hakinipiti kooni, usingizi sina, na huyu wa ndani ananitazama usoni kama mtu anayechungulia nyumba aone kama mna mtu.

Sasa jua linazama, na leo ni mara ya tatu. Soksi ninayo mkononi, na hatua nazisikia uani.