Baiskeli Iliyokuwa Kubwa kwa Nukta

Nukta alikuwa mshona mapazia. Jina hilo alipewa na mume wake, kwa sababu alikuwa mfupi sana. "Mimi ni maneno mengi," mume aliwaambia wageni, "na huyu ndiye nukta. Asiponikatisha, nasema mpaka kesho." Watu walicheka, na jina likashika.

Sasa mume alikuwa marehemu, na nyumba ilikuwa kimya. Vitu vyote humo vilikuwa chini chini: misumari ya kutundikia nguo, rafu ya vikombe, hata meza ya cherehani. Mume ndiye aliyevishusha, ili mkewe asipande juu ya ndoo kila akitaka kikombe. Asubuhi Nukta alichemsha chai, akanywa amesimama. Kisha alishona mpaka jua likahama dirishani. Wateja walikuja, wakachukua mapazia yao, wakaenda zao. Walipoondoka, alizungumza na cherehani.

"Haya, mwenzangu. Leo usinikatie uzi."

Dada yake mkubwa aliishi upande wa pili wa mji, kwa mwanawe. Dada huyo alikuwa amepofuka. Zamani Nukta alikwenda kumwona kila wiki, kwa miguu. Lakini magoti yalianza kumuuma, na hata kufika dukani ikawa kazi. Wakabaki na simu.

"Simu inanipa sauti yako," dada alisema. "Hainipi mkono wako. Utakuja lini, mdogo wangu?"

"Nitakuja, dada."

"Na juzi ulisema hivyo hivyo."

Mtoto pekee wa Nukta alifanya kazi nchi ya mbali. Aliposikia habari za magoti, alimtumia mama yake baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu. Ilikuwa ya buluu, yenye kapu kubwa nyuma. Mtu akikanyaga pedali kidogo, mota inamsaidia kusukuma. Ilikuwa zawadi nzuri. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa mtu mrefu.

Siku ya kwanza Nukta alipanda barabarani, mbele ya nyumba yake. Pedali aliigusa kwa ncha ya kidole cha mguu tu. Usukani aliufikia kwa kuinama, kama mtu anayechungulia kisima. Alijinyoosha akanyage vizuri. Mota ikaitika, baiskeli ikaruka mbele. Alitafuta breki, vidole havikufika. Akaenda kugonga ukuta wa duka.

Kiwiko kilichubuka. Lakini kilichomuuma zaidi ni sauti ya mtu aliyekuwa amekaa barazani.

"Jamani, mtoto kaiba baiskeli ya mama yake!"

Watu wakacheka. Nukta naye akacheka kidogo, ili wasione machozi. Akaisukuma baiskeli mpaka ndani.

Baadaye alijaribu dawa yake mwenyewe. Alifunga vipande vya mbao juu ya pedali kwa kamba za mpira, ili miguu ifike. Kipande kimoja kilichomoka akiwa bado uani, mguu ukateleza, akaanguka. Hapo alikata tamaa. Aliifunika baiskeli kwa shuka. Taratibu akaanza kuweka vitambaa juu yake, kama mezani.

"Baiskeli inaendaje, mama?" mwanawe aliuliza kwenye simu.

"Inaenda vizuri, baba."

"Na mama mkubwa unamwona?"

"Namwona."

Simu ilipokatika, alikaa ameishika mapajani. Hakuwasha taa ingawa giza lilikuwa linaingia.

Siku chache baadaye dada alipiga. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sura yako inanipotea," alisema. "Nikijaribu kuikumbuka, naiona ile ya utotoni tu. Natamani kuishika kwa vidole, nijue sasa ikoje."

Nukta alisema tu kwamba chai inafurika jikoni, akakata simu. Jikoni hakukuwa na kitu.

Wiki hiyo alikuja mteja mpya. Alikuwa fundi wa baiskeli, mama wa makamo, aliyefungua karakana yake karibu na hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Nataka pazia zito. Jua linapiga kwenye betri za baiskeli za wateja, na betri hazipendi joto."

Nukta alivuta kitambaa kutoka kwenye rundo. Shuka likateleza, na usukani ukachungulia. Fundi aliutazama.

"Kumbe unayo ya umeme! Mbona imevishwa kama bibi harusi?"

"Hiyo si yangu," Nukta alijibu. "Yaani ni yangu, ila mimi si mtu wa baiskeli hiyo. Mungu ameniumba mfupi, nifanyeje?"

Akamweleza yote: ukuta, vicheko, mbao. Hakujua kwa nini alisema. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Fundi hakucheka. Aliweka mkono juu ya meza ya cherehani.

"Meza hii nani aliikata miguu?"

"Marehemu mume wangu."

"Alisema kosa ni la meza au ni lako?"

"Alisema meza imezaliwa vibaya."

"Basi na hii baiskeli imezaliwa vibaya. Ilete karakana kesho. Tutaikata iende na wewe."

Kesho yake fundi alianza kwa kuzima umeme na kutoa betri. "Usiguse kitu chochote kabla ya hapo," alisema. "Mota ikiamka mkono wako uko kwenye mnyororo, utajuta."

Alilegeza bomba la kiti, akalishusha. Liligota kabla kiti hakijafika chini vya kutosha. Akalitoa, akakata kipande cha mwisho wake.

"Hili bomba linakatika," alieleza. "Lakini lazima sehemu ya kutosha ibaki ndani, lisije likachomoka. Na fremu yenyewe haikatwi kamwe. Fremu ndiyo uti wa mgongo. Sasa kaa. Mguu wako ukiwa kwenye pedali ya chini, goti likunjike kidogo tu."

"Sasa linakunjika sana pedali ikija juu. Linanigonga tumboni!"

"Ni mikono ya pedali, hivi vyuma viwili vinavyoshika pedali. Ni mirefu kwako. Nitakuwekea mifupi. Hayo ndiyo mambo ya kubadilisha, si kufunga mbao."

Kisha akausogeza usukani karibu na kiti. Nukta aliushika bila kuinama, viwiko vimelegea. Fundi aliuzungusha kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho, akitazama nyaya zisivutike. Mwisho akageuza skrubu ndogo kwenye breki. Mkono wa breki ukasogea karibu na vidole. Akaisukuma baiskeli mbele kidogo.

"Bana."

Nukta alibana. Gurudumu likasimama pale pale. Akabana tena, na tena.

"Kumbe iko hapa hapa," alisema polepole.

Fundi alirudisha betri, wakafanya mazoezi kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana. "Kwanza shika breki, ndipo upande," fundi alimwambia. "Weka nguvu ya mota kwenye namba ya chini kabisa. Na kwenye kona punguza mwendo. Magurudumu matatu hayaangushi mtu aliyesimama, lakini ukikata kona kwa kasi yanapinduka."

Usiku ule Nukta alimpigia mwanawe, akamwambia ukweli.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako ni mfupi? Hulijui hilo?"

Mwanawe alicheka. "Nilipaswa kukupima kwanza," alisema. "Nisamehe."

Jumapili asubuhi Nukta alitoka. Alipita mbele ya lile duka, vidole vikiwa kwenye breki. Mtu wa barazani aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye mazungumzo yake. Hakuna aliyempungia mkono. Barabara ilikuwa ndefu, na kwa sehemu kubwa alisikia mnyororo tu na pumzi yake mwenyewe. Alimkumbuka mumewe. Angetembea pembeni akipiga domo njia nzima.

Dada alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye joto la jua. Nukta alishika breki, akashuka, akapiga magoti mbele yake bila kusema neno. Akaichukua mikono ya dada yake, akaiweka usoni pake.

Vidole vilipita polepole kwenye paji la uso, kwenye makunyanzi, kwenye mashavu yaliyolowa.

"Umezeeka, mdogo wangu," dada alisema, akitabasamu. "Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, dada."