Mdhamini wa Chepkemei

Chepkemei alijua kuna kitu hakiko sawa Wangare wa ofisi ya wafanyakazi alipomjia maabarani akitabasamu. Wangare si mtu wa kutabasamu, na wiki ile ndiyo kabisa. Mkurugenzi mpya wa kiwanda chao cha maziwa, pale Nakuru, alikuwa ameamuru digrii za wafanyakazi wote zikaguliwe upya, na tayari wawili walikuwa wametoroka bila hata kuchukua makoti yao.

"Nimeongea na Daktari Muiruri wako," Wangare akasema. "Haki huyo mzee anakupenda! Amekusifu mpaka nikaona wivu. Uko clear, dear."

Chepkemei akashika ukingo wa meza. Hapakuwa na Daktari Muiruri. Chuo alikiacha njiani baba yake alipofariki, na digrii akachapishiwa na fundi mmoja mjini. Alipofika pale CV inapotaka mdhamini, mhadhiri wa kuthibitisha kwamba alimfundisha, alibuni jina lake hapo hapo: Daktari Kipkemoi Muiruri, nusu Mkalenjin nusu Mkikuyu, asije akamuudhi mtu. Nambari ya simu aliyompa ilikuwa laini yake mwenyewe ya zamani, ile aliyoivunja na kuitupa chooni alipoachana na mpenzi wake. Mwajiri gani hupiga simu? Miaka yote hiyo hakuna aliyepiga.

Akajituliza kwamba laini imepewa mtu mwingine, mtu mwenye mzaha na roho nzuri. Mchana akajinunulia kuku na chipsi, akala hadi mifupa, kwa raha ya aliyeponea chupuchupu. Alikuwa akipangusa vidole simu ilipoita, na kwenye kioo ikatokea ile nambari yake ya zamani.

"Niaje, msomi." Sauti ilikuwa ya upole, kavu, na nyuma yake maji yalikuwa yakitiririka.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Si ulinipa jina mwenyewe? Mimi sikuwa popote, Chepkemei. Sasa niko, kwa sababu ulimaliza chuo na mimi ndiye niliyekufundisha. Usinikane tu."

Tangu hapo ikaanza harufu. Maabara ya maziwa hunukia maziwa na dawa ya kuoshea mitungi, basi. Lakini sasa kila alipoinama kwenye vipimo vyake ilimjia harufu ya joho la mahafali la kukodi, jasho la watu wengi pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini. Askari wa getini akamwambia mgeni wake mzee alikuwa amekaa mapokezi asubuhi nzima, mtu mpole sana, ila ameacha kiti kimelowa chapachapa. Halafu chuo chenyewe kikajibu kwamba Chepkemei alihitimu, tena kwa alama nzuri. Wenzake wakampongeza. Yeye alitamani kupiga mayowe.

Kisha likaja lori la maziwa kutoka Mau. Alipima, na maziwa yakaganda kwenye kipimo, yamechacha, jambo ambalo hata mtoto angeliona, naye akafungua kinywa amwambie dereva ayarudishe yalikotoka, lakini ulimi ukawa mzito mdomoni, ukageuka wenyewe kama ulimi wa mtu mwingine, na kooni mwake ikatoka ile sauti kavu ya mzee ikisema, "Pitisha, haya nayajua mimi," na dereva akacheka, akadhani ni mafua, na maziwa yakaingia tangini, yakachanganyika na maziwa ambayo asubuhi yangenywewa na watoto wa shule.

Siku hiyo ndipo alipoogopa kwelikweli. Kazi angeweza kuipoteza, akauze viazi Olenguruone na mama yake. Kuua mtoto wa mtu hakuweza.

Saa ya chakula akamkimbilia Mchungaji Kipkoech, ambaye hakuwa na kanisa kubwa ila alisifika kwa kukemea pepo. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akautoa upesi, akaupangusa kwenye suruali.

"Dada, huyu hakukuvamia. Wewe ndiye ulimuita," akasema kwa sauti ya chini. "Nikimkemea hadi Pasaka hatatoka, sababu umemshikilia na huo uongo. Enda useme ukweli kwa yule ulimdanganya. Leo, kabla hajapata mizizi."

Chepkemei akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Wangare, akasimama mlangoni.

"Madam, sina digrii. Sikumaliza. Huyo Daktari nilimtunga tu. Nifute kazi, tafadhali."

Wangare akacheka, kisha akakunja uso. "Chuo kimesema ulimaliza. Daktari amesema ulimaliza. Wewe ndiye unakataa? Hiyo ni stress. Haya, niletee mtu mmoja tu anajua hukumaliza."

"Mama yangu anajua."

Ni kweli, mama yake alijua. Ndiye pekee aliyeambiwa. Wangare akampigia, akaweka simu mezani sauti ya juu wasikie wote.

"Alimaliza," mama akasema kabla hata ya kuulizwa vizuri, kwa Kiswahili cha kukariri. "Alimaliza vizuri sana. Tulichinja kondoo."

"Mama!"

Ndipo mama akahamia Kikipsigis, kwa kunong'ona, na Wangare, Mkikuyu wa Njoro, akaendelea kutabasamu bila kuambulia neno. Mama alisema mwalimu amekaa sebuleni tangu asubuhi, nguo zake zinadondosha maji kwenye viti, na kwamba alimuuliza kwa heshima zote kama mtoto alimaliza chuo, naye kwa kuwa ni mtu wa kanisa akasema hapana, na papo hapo jicho la kushoto la mama likazima, kisha akaulizwa tena kwa heshima zile zile, akasema tena hapana, na miguu ikaacha kumsikia, na sasa mwalimu amemwekea kiganja kifuani, baridi kama jiwe la mtoni, na pumzi haitaki kushuka.

"Madam Wangare, habari ya mchana," ikaingilia sauti kavu, kwa Kiswahili. "Kwa nini tumsumbue mama? Muulize mwanafunzi wangu mwenyewe."

"Daktari! Kumbe uko na familia!" Wangare akafurahi. Akamgeukia Chepkemei. "Haya, sema. Ulimaliza ama hukumaliza?"

Chepkemei akamsikiliza mama yake. Pumzi fupi, kimya. Pumzi nyingine, fupi zaidi, halafu kimya kirefu mno.

"Nilimaliza."

"Sijasikia vizuri," Daktari akasema.

"Nilimaliza, Daktari. Wewe ndiye ulinifundisha."

Simuni mama akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa, akaanza kulia polepole. Wangare akapiga makofi, akasema sasa wafanye kazi jameni.

"Vizuri sana," Daktari akasema. "Mimi nitabaki hapa na mama. Wewe rudi maabarani, kuna lori getini."